Surua ya Ukubwani ya Mama Lidia

Kuna magonjwa ambayo mtu mzima huona haya kuyaugua, na surua ni mojawapo. Malaria unaitaja hata mbele ya padri. Kuhara unakutaja kwa sauti ya chini. Lakini mwanamke wa miaka ishirini na tisa, mwenye mume, mtoto na kahawa yake vichanjani, atamwambia nani kwamba ana surua? Watamuuliza kama anataka na kubebwa mgongoni. Kwa hiyo Kunigunda, mama Lidia, mke wa Bernadi, wa kijiji kimoja cha milimani upande wa Litembo, alipoanza kuugua, hakuna aliyeifikiria surua. Ilikuwa ile miaka ambayo wanunuzi binafsi walianza kupanda Mbinga na malori yao kutafuta kahawa, na kila mtu alikuwa na haraka.

Aliupata ugonjwa huo ziwani. Mwanzoni mwa Agosti alishuka Liuli na maharage yake kwenda kuyabadilisha na usipa, vile visamaki vidogo vya Ziwa Nyasa, maana wachumaji wa kahawa ukiwalisha majani ya maboga wiki nzima wanakununia. Mtoto wake Lidia, wa miezi saba, alimwachia wifi yake kwa siku mbili. Nyumba aliyofikia ilikuwa na watoto watatu wamelala mkeka mmoja, macho mekundu, vipele mwili mzima. Mwenyeji wake akamwambia asijali, ni surua tu, mambo ya watoto. Kunigunda akalowesha kitambaa akawafuta macho. Mdogo wao akamkoholea usoni, naye akajifuta kwa ncha ya kanga, akaendelea kufungasha usipa wake.

Nikueleze habari za Lidia, usije ukadhani nasimulia habari za vipele. Lidia alikuwa mtoto wa tatu kuzaliwa na wa kwanza kubaki. Wawili waliomtangulia walizikwa nyuma ya nyumba, mmoja wa siku tatu, mwingine wa mwaka mmoja. Alipomzika yule wa pili Kunigunda hakulia, na wanawake waliokuja msibani wakasemasema, kama kawaida ya watu waliokuja kulia wakakuta mwenye msiba hataki. Hawakujua kwamba ndani yake kulikuwa kumekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Alikuwa akingoja ganzi hiyo iachie, nayo haikuachia. Lidia alipozaliwa alimtazama kifua kikipanda na kushuka, akasema, "Haya." Basi. Lakini tangu siku hiyo hakuwahi kulala bila kuweka kiganja juu ya mgongo wa mtoto huyo, na mtu mwenye akili angejua maana yake.

Siku kumi na kitu baada ya safari ya ziwani, siku ya Jumatatu, homa ikamshika. Mafua, kikohozi, macho yanawasha. Akasema ni malaria ya ziwani, na nani angembishia? Milimani kwetu baridi inawazuia mbu, lakini kila anayeshuka ziwani hurudi na malaria yake kama zawadi. Siku hizo za soko huria vidonge vya klorokwini viliuzwa dukani, vimepangwa kati ya sabuni na nyembe, na mwenye duka alikuwa daktari wa kila mtu. Akameza vinne Jumanne, vinne Jumatano. Alhamisi akaanza kujikuna.

Hapo ndipo walipokosea, na ni kosa ambalo mtu asiyeijua klorokwini hawezi kulielewa. Ile dawa ilikuwa inawasha. Inatibu, sikatai, lakini inawasha mpaka unatamani kujisugua kwenye gome la mti. Watu wengine walikuwa wanaona bora malaria yenyewe. Kwa hiyo Ottilia, dada wa mume wake, alipomwona anajikuna shingo, akacheka. "Wifi, umekwishaonja. Mimi ile dawa iliniwasha siku tatu, sikulala. Chukua gunzi ujisugue."

Ottilia alikuwa anakaa nyumba ya pili, mita chache tu. Alikuwa ameolewa upande wa Tingi miaka tisa, hakupata mtoto, akarudishwa kwao na sanduku lake. Mcheshi, mwenye mdomo, mchapakazi wa kutisha. Kunigunda akachukua gunzi la mahindi akajisugua. Mdomoni, kwenye shavu kwa ndani, alikuwa anausikia ulimi ukigusa vitu kama chembe za chumvi. Akasema ameungua na uji. Siku zote hizo Lidia alikuwa mgongoni, au ananyonya, au chini ya kile kiganja.

Ijumaa mnunuzi akaja na lori. Bernadi alitangulia na gunia, Kunigunda akafuata na debe la kahawa kichwani na mtoto mgongoni, Ottilia nyuma yake na debe lake. Kwenye mstari wa mzani Kunigunda alijifunika kanga mpaka machoni, kwa kuwa jua lilikuwa linamchoma mboni. Na katika mstari huo alikuwepo mama Gertrude, nesi mstaafu. Huyu alikuwa mtu wa Liuli, Mwanglikana, aliyeolewa na karani wa chama chetu cha ushirika. Miaka ishirini milimani na bado tulimwita Mnyasa, naye bado alisema nasi Kiswahili kwa kuwa Kimatengo, alidai, kinamkwaruza koo. Macho yake yalikuwa hayajastaafu.

"Mama Lidia, toka kwenye mstari uje hapa," alisema.

"Shikamoo mama. Nitapoteza nafasi yangu."

"Marahaba. Ipoteze. Funua uso."

Kunigunda akafunua. Vipele vilikuwa vimeanzia nyuma ya masikio na kwenye ukingo wa nywele, vikashuka usoni, sasa vilikuwa vinaingia kifuani.

"Klorokwini, mama," Ottilia akajibu kabla ya kuulizwa.

"Klorokwini inawasha bila kitu. Unajikuna, lakini ngozi ni safi. Hii ngozi ni safi?" Mama Gertrude akamshika Kunigunda kidevu. "Panua mdomo." Akachungulia kwenye shavu, akaziona zile chembe nyeupe. "Ulipokuwa mtoto uliugua surua?"

"Si kila mtu aliugua?"

"Sijauliza kila mtu."

Kunigunda akafikiri. Mama yake alikuwa amekwisha kufa, hakukuwa na wa kumuuliza. Akakumbuka tu kwamba kuna mwaka alipelekwa kukaa kwa bibi yake, mbali, na aliporudi ndugu zake walikuwa wamekonda na vichwa vimenyolewa. "Labda niliponea," alisema.

"Hukuponea. Ilikungoja." Mama Gertrude alimwachia kidevu, akamzunguka, akamtazama mtoto mgongoni. "Ana miezi mingapi?"

"Saba."

Mama Gertrude hakuwa mtu wa kupakapaka maneno mafuta. Akasema hapohapo, sauti chini. Mama aliyewahi kuugua surua humpa mtoto kinga kidogo tangu tumboni, lakini huyu mama hakuugua, hivyo mtoto hana hata hiyo. Sindano ya surua hutolewa miezi tisa, ila ugonjwa ukiingia hata mwenye miezi sita huchomwa. "Umemkoholea siku nne. Pengine tumechelewa, pengine hatujachelewa. Kama ni kwenda hospitali ni sasa hivi, bila kupitia nyumbani."

Alisema bila kupitia nyumbani kwa kuwa alimjua mzee Raimundi, baba yake Bernadi. Mzee Raimundi alikuwa mtu mwema, lakini alikuwa na imani ambayo wazee wengi walikuwa nayo: surua na sindano havikai nyumba moja. Ukichoma sindano, surua inaogopa kutoka nje, inageukia ndani, inaua. Ottilia, binti yake wa kumzaa, aliijua imani hiyo tangu akinyonya. Akaliweka debe lake la kahawa chini.

"Nipe," alimwambia wifi yake.

Kunigunda akafungua fundo la kanga. Lidia alikuwa amelala, shavu limebonyea kwa mshono wa blauzi ya mama yake. Ottilia akamfunga mgongoni mwake, akaondoka kwenda hospitali ya Litembo kwa mguu, mwendo wa saa tatu kwa miteremko ile, hata hakumuuliza mtu nani atalinda kahawa yake. Kunigunda alihisi mgongo wake umepoa. Akaokota debe, akarudi kwenye mstari, mama Gertrude akamtoa tena.

Ndivyo alivyoingia ndani. Walimweka chumba cha nyuma, dirisha likazibwa kwa gunia, maana mwanga ulikuwa unamchoma. Siku nne za kwanza hakujua asubuhi wala jioni. Homa ilipanda mpaka akaona ukuta unasogea, sauti ikakauka, kikohozi kikamkunjakunja, vipele vikashuka mpaka nyayo na kuungana vikawa bonge moja la wekundu kwenye ngozi nyeusi. Mtoto akiugua surua hulia akalala. Mtu mzima anaugua akijiona. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na hiki Kunigunda alikilalia peke yake. Bernadi, ambaye aliugua utotoni, alimletea uji na maji ya ndimu, akamfuta macho kwa maji ya moto yaliyopoa kama alivyoagizwa, na alikuwa anafanya hivyo kimya. Ni mtu mkimya. Lakini siku ya kwanza alisimama mlangoni akasema, "Amechomwa. Yuko kwa dada." Kisha, "Baba amekasirika."

Tangu hapo kazi ilikuwa moja: kungoja. Siku kumi na nne, mama Gertrude alisema. Kama Lidia ameambukizwa ataanza homa ndani ya siku hizo. Kila asubuhi Bernadi alikwenda kwa dada yake akarudi na neno lake moja au mawili. Hana homa. Amekula uji wa karanga. Hana homa. Amepiga chafya mbili, lakini hana homa. Kunigunda aliyasikia maneno hayo na kungoja moyo wake upige. Ulikuwa unapiga kama siku zote. Alikuwa amejiandaa kwa kaburi la tatu, tena kwa utaratibu, akajua hata lingekaa wapi, upande wa kushoto wa yale mawili. Aliwaza hivyo bila kutetemeka, akajiogopa kidogo.

Maziwa yalikuwa yakimjaa mpaka kifua kikawa jiwe. Mama Gertrude alikuja siku ya sita, akamwonyesha namna ya kukamua. "Kamua asubuhi, mchana, jioni, umwage. Usiache yakauke. Vipele vilianza kutoka Alhamisi, sasa vinafifia. Siku chache mbele hutamwambukiza mtu. Tukishaona mtoto yuko salama, anarudi kwenye ziwa lake siku hiyohiyo. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama."

Alikamua siku ile na ya pili yake. Siku ya tatu akakamua mara moja. Kumwaga maziwa kwenye majivu kulikuwa kunamkumbusha yule wa siku tatu. Siku ya nne aliuangalia mkono wake, mkono haukutaka kuinuka, naye hakuulazimisha.

Siku kumi na nne zikapita. Lidia hakuugua. Kama ni sindano ya Ottilia iliyomkinga, au ni Mungu, au ni vyote viwili, hata mama Gertrude hakutaka kuapa. Bernadi aliingia hadi kitandani siku hiyo, akaketi ukingoni, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. "Amepona hata kabla ya kuugua," alisema, na huo ndio utani pekee niliowahi kusikia umetoka kwa Bernadi. "Tena ana jino. La chini."

Kunigunda akajiambia, furahi sasa. Akangoja. Akageukia ukutani.

Na hapa ndipo wazee walipotia mkono. Kwetu Wamatengo kuna sengu. Jioni wanaume wa ukoo hula pamoja uani kwa mkubwa wao, kila mke akileta chakula chake, na palepale, vidole bado vina ugali, mambo ya ukoo huamuliwa. Mzee Raimundi alikuwa bado ana donge la ile sindano. Alikuwa amepitwa mara moja, hakukusudia kupitwa mara ya pili. Kwenye sengu akasema surua ya mtu mzima ina miguu mirefu kuliko ya mtoto. Mkwewe asimguse mtoto mpaka ngozi yote iishe kubambuka, anyolewe, aogeshwe, ndipo atoke. Alilisema kwa kumpenda mjukuu wake, nalijua hilo, na wenzake wakaitikia. Mama Gertrude, yule Mnyasa, alikwenda kumpinga, akaamkia kwa adabu, akapewa kigoda na jibu lilelile.

Bernadi akapeleka uamuzi chumbani. Na safari hii aliuliza. "Wewe unasemaje? Ukikataa, nitarudi kumwambia."

Angeweza kukataa. Mume wake alikuwa amesimama pale, tayari, pengine kwa mara ya kwanza maishani mwake, kurudi uani na kumpinga baba yake. Kunigunda aliitazama ngozi ya mkono wake, inabambuka vipande vidogo kama pumba. Alikuwa amechoka. Akasema, "Sawa tu."

Wiki nyingine tatu na siku kadhaa zikapita. Kikohozi kilikuwa cha mwisho kuondoka. Macho yakazoea mwanga, gunia likatolewa dirishani, na kupitia dirisha hilo aliwaona watu wakipita na kahawa za mwisho. Nyakati nyingine aliisikia sauti ya Ottilia nyumba ya pili ikiimba upuuzi, na kicheko cha mtoto. Maziwa yalikuwa yamekwisha. Hakuona yalipokwisha.

Siku ya kutoka ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi. Shangazi mmoja alimnyoa, wakamwogesha, wakampa kanga mpya. Alikuwa amekonda, uso una mabaka, kichwa kinang'aa. Mzee Raimundi alimwita Ottilia na kusema, si kwa ukali, "Mrudishie mwenzio mtoto wake." Ottilia akatii. Alileta nguo za mtoto zimekunjwa, kikombe cha uji na mtoto mwenyewe, akampakatisha wifi yake. Akageuka akaenda kwake upesi.

Lidia alimtazama mwanamke yule mwenye kipara kwa muda kama mtu anayesoma. Kisha akapiga yowe. Alijinyonganyonga, akajipinda nyuma mpaka kisogo kikagusa goti, mikono ikanyooka kuelekea mlango aliotokea Ottilia. Kunigunda alimpa ziwa. Mtoto alilishika, akavuta mara mbili, hakukuta kitu, akageuza uso kama aliyepewa kijiti. Akampa uji, ukamwagika. Akamweka kiganja mgongoni, pale alipokuwa akikiweka kila usiku, na mgongo ukakikimbia kiganja. Ilipofika saa saba sauti ya mtoto ilikuwa imekwaruza. Wanawake uani walianza kupeana ushauri wa bure, na Bernadi alikuwa anazunguka nyumba kama mtu aliyepoteza jembe.

Kunigunda aliyasikia yote hayo kwa mbali, kama mtu aliye chini ya blanketi. Alikuwa anamtazama mtoto anayekataa mikono yake akiwa hai, mnene, ana jino. Hakuna kaburi la tatu. Mtoto alikuwa amebaki, naye ndiye aliyekuwa ameondoka, kwa neno lake mwenyewe, kwa "sawa tu". Akasimama, akamfunga Lidia ubavuni, mtoto akiendelea kulia, akatoka mbele ya watu wote akaelekea nyumba ya pili.

Ottilia alikuwa ameketi sakafuni karibu na mafiga, mikono mapajani, na uso wake ulikuwa umelowa. Lidia alipomwona alijirusha nusura aanguke. Ottilia hakunyoosha mikono. Aliikalia.

"Usimlete kwangu, wifi," alisema. "Ni mwanao. Baba amesema. Nikimshika tena sitaweza kumrudisha mara ya pili, nakuambia kweli."

"Sijamrudisha."

"Sasa umekuja kufanya nini?"

Kunigunda alifungua mdomo, na sauti iliyotoka hakuijua. Kitu kilikuwa kinamchoma miguuni, kinapanda, kama ganzi inavyochoma ikianza kuachia, na kilipofika kifuani alijua kwamba sasa atalia, kwa ajili ya huyu na wale wawili, na kwamba hatajizuia.

"Nimekuja unifundishe anavyopenda kubebwa," alisema.

Ottilia alimtazama. Akainuka, akaenda nyuma yake, akamchukua mtoto kwa muda mfupi tu wa kumweka mgongoni. "Mguu huu unauacha nje," alisema, anafunga. "Hapendi kubanwa. Kanga ipite chini ya kwapa, si juu. Halafu unatembea, usikae. Unatembea na unasema chochote, hata upuuzi." Fundo akalikaza.

Kunigunda akatembea. Alizunguka mafiga, akatoka, akauzunguka uwanja, analia kwa sauti mbele ya mkwe wake na wanawake wale waliowahi kumsema kwa kutolia, na anasema chochote: usipa, kahawa, mvua zitaanza lini. Ottilia alikuwa anatembea kando yake ili mtoto aendelee kumwona. Lidia alilia mpaka akachoka, akalala mgongoni mwa mama yake kwa sababu hakukuwa na pengine pa kulala.